Mwanzo na Mwisho ni Vyetu: Kaunti za Pwani na Elimu kutoka Chekechea hadi Kazini



Nimeombwa nizungumzie elimu ya Pwani, na najua mazungumzo ya namna hii huendaje. Husimama mtu akalia kwamba tumeachwa nyuma, akaitaja Nairobi mara ishirini, tukapiga makofi, tukanywa chai na viazi vya karai, tukarudi majumbani. Leo Nairobi nitaitaja kidogo. Lawama yangu kubwa haisafiri mbali hivyo.

Ifungueni Katiba ya 2010 kwenye Jedwali la Nne, sehemu ya pili, zinapoorodheshwa kazi za serikali za kaunti. Kipengele cha tisa kinazikabidhi kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani na malezi ya watoto wadogo. Hakuna zaidi. Shule za msingi, sekondari, vyuo vikuu, mitaala, mitihani na ajira ya walimu wa shule hizo vimebaki na serikali ya kitaifa. Utazameni mgao huo kwa safari ya mtoto mmoja. Kaunti humpokea akiwa na miaka minne, kamasi puani, akimlilia mamake mlangoni. Kisha humpokea tena akiwa kijana wa miaka kumi na minane anayetafuta ujuzi wa kumlisha. Mwanzo ni wetu na mwisho ni wetu. Katikati kuna wenyewe.

Magavana waliingia ofisini 2013. Tangu hapo siasa za elimu hapa Pwani zimekuwa za katikati, yaani za karo ya sekondari na basari. Kila mwaka mtaona picha ile ile: hundi ya kadibodi ndefu kama mlango, kiongozi ameshika upande mmoja, mwalimu mkuu upande wa pili, na watoto waliopangwa juani tangu asubuhi wakipunga mikono. Sibezi basari. Wamo humu ndani watu waliosoma kwa basari, na mzazi aliyefukuziwa mtoto kwa karo hataki kuhubiriwa habari za Jedwali la Nne. Lakini mapema 2025, Msimamizi wa Bajeti alipozikumbusha kaunti kwamba sekondari ni kazi ya serikali ya kitaifa na kwamba haziwezi kuigharamia bila makubaliano ya maandishi baina ya serikali mbili, ghadhabu iliyozuka ilinifunza jambo. Sijapata kuona ghadhabu kama ile kwa sababu ya darasa la chekechea lisilo na choo.

Sababu haihitaji mpiga ramli. Mwanafunzi wa kidato cha tatu atapiga kura karibuni, na mzazi wake anaikumbuka hundi. Mtoto wa chekechea hana kura, na matunda ya kumfunza vizuri yataonekana gavana akiwa amekwishastaafu miaka mingi.

Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina wanachama sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 4.3 hivi. Kilifi peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 1.4, na Lamu haikufika 150,000. Tana River ni kubwa kwa eneo kuliko Mombasa zaidi ya mara mia moja. Utaratibu unaomfaa mtoto wa Likoni, anayeamka na shule tatu mbele ya mlango, haumfai mtoto wa mfugaji wa Bura ambaye ng'ombe wakihama naye anahama. Kwa hiyo siziombi kaunti sita zifanye mambo kwa namna moja. Naomba zikubaliane juu ya la kutangulia, na kwa maoni yangu litangulie lile tulilopewa na sheria na ambalo hakuna mwingine atakayekuja kutufanyia.

Nianze na pesa, maana hapo ndipo moyo wa serikali unapoonekana. Serikali ya kitaifa imekuwa ikipanga kutuma kwa mwaka shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, shilingi 15,042 kwa wa sekondari msingi, na shilingi 22,244 kwa wa sekondari. Kwa mtoto wa chekechea hakuna kiwango kama hicho. Yeye anategemea kaunti yake itakavyoamua mwaka huo. Pesa zinaongezeka kadiri mtoto anavyopanda. Yule ambaye ubongo wake unakua kwa kasi kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yake ndiye asiye na safu ya uhakika kwenye vitabu vya hesabu.

Nimewahi kuketi katika darasa moja la chekechea bara ya Kilifi. Sitaitaja shule, maana mwalimu wake bado anahitaji kazi. Lilikuwa chumba kimoja chenye bati juu na kuta za udongo zilizofika kifuani, na watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili waliketi pamoja. Upande mmoja watoto walihesabu kwa mbegu za mabuyu, kumi kumi, wakizipanga kwenye vifuu vya nazi. Upande wa pili walifuatisha herufi kwa kidole mchangani. Mwalimu alikuwa akizunguka baina ya pande hizo bila kupandisha sauti, na kila alipompita mtoto alimgusa bega. Nje, kwenye mafiga matatu, uji ulikuwa ukichemka kwa zamu ya mzazi mmoja. Nilimuuliza mwalimu ni kitu gani kinachomsumbua zaidi. Nilitazamia aseme madawati. Akasema, "Unga." Siku ambayo unga umekwisha, alinieleza, nusu ya darasa huwa imekwenda zake kabla ya saa nne. Mshahara wake wa mkataba ulikuwa haujaingia miezi miwili, na hilo alilitaja la mwisho, kama mtu anayeona haya.

Basi mtu akiniuliza kaunti ianze wapi na chekechea, nitamjibu ianze na mwalimu huyo, na uji huo. Majengo tumejenga. Kila kaunti ina orodha ya madarasa mapya ya chekechea, yaliyopakwa rangi za kupendeza, na mengine yanapendeza kweli. Ila jengo huzinduliwa mara moja, na mwalimu hulipwa kila mwezi. Mwanasiasa yeyote atachagua cha kuzinduliwa kabla ya cha kulipwa, mpaka wananchi wamkatalie. Walimu wa chekechea wamekwenda miaka wakiwa na mikataba ya kuhuishwa huhuishwa, wakitofautiana malipo kaunti kwa kaunti. Mwalimu aliyesomea diploma Taita Taveta akivuka kwenda Kwale huanza upya kana kwamba hajapata kufunza. Kaunti sita zinaweza kuandika muundo mmoja wa utumishi kwa walimu hawa, wenye vyeo, nyongeza na malipo ya uzeeni. Hakuna sheria inayozizuia.

Wala hatuanzi kutoka kwenye sifuri, na hili huniuma tunapozungumza kana kwamba maarifa ya malezi ni lazima yaletwe na ndege. Miaka ya 1980, hapa hapa Mombasa, wazazi Waislamu walikuwa na shida mbili kwa pamoja. Walitaka watoto wao wapate chuo, yaani Qur'ani na adabu, na walitaka pia wasiingie darasa la kwanza wakiwa wamebaki nyuma. Bi Swafiya Said, mwalimu wa mji huu, alikaa na wazazi na viongozi wa misikiti, na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ukaundwa mpango wa shule za chekechea za madrasa. Wanawake wa mtaani, wengine wakiwa na elimu ya kadiri tu, walifunzwa ualimu kwa vitendo. Vifaa vilitokana na vilivyopo: vifuu, makuti, kokoto, vizibo vya chupa. Mtoto alihesabu, akaimba, akasoma dua, akacheza, vyote katika asubuhi moja. Mpango ukavuka bahari hadi Zanzibar, ukafika Uganda. Watafiti walipokuja kuwapima watoto katika sehemu hizo tatu waliona kwamba waliopitia chekechea yoyote waliwashinda waliobaki nyumbani, na waliopitia hizi za madrasa walipiga hatua kubwa zaidi. Siri haikuwa majengo. Siri ilikuwa mwalimu aliyefunzwa na kutembelewa tena na tena na wakufunzi, na wazazi waliojiona ni wenye shule.

Kutembelewa tena na tena ndiko tulikokuacha. Siku hizi mwalimu wa chekechea akiletewa mgeni, mgeni huyo amekuja kukagua.

Sasa kuna mahali ambapo ncha yetu hukutana na katikati. Madarasa mengi ya chekechea ya umma yako ndani ya kiwanja cha shule ya msingi. Mwalimu wa chekechea ni wa kaunti. Mwalimu wa gredi ya kwanza ni wa Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Wanapumzika chini ya mwembe mmoja, wanachota maji kwenye tangi moja, lakini mwezi wa Januari mtoto anapohama kutoka mlango huu hadi mlango ule, mita thelathini tu, hafuatwi na karatasi yoyote ya maana. Yule wa chekechea anajua kwamba mtoto huyu hasikii vizuri sikio la kushoto, na huyu amefiwa na mamake, na yule anasoma tayari ila ana haya. Yule wa gredi ya kwanza ataanza kuyagundua upya, na kwa darasa la watoto sabini huenda asiyagundue kabisa. Kina mama wa Pwani wanaijua kazi hii kuliko makatibu wa wizara: ukili unaweza kusukwa vizuri ajabu, lakini mkeka hukatika pale ukili ulipounganishwa na ukili, ikiwa mshonaji alivuta uzi ovyo.

Mkataba wa ukurasa mmoja baina ya kaunti na ofisi ya TSC ya kaunti ungetosha kuanza: walimu wa chekechea na wa gredi ya kwanza wakutane kila Novemba, majina mezani, mtoto mmoja mmoja. Unagharimu chai na andazi.

Juu ya kusoma nitapita haraka, kwa kuwa kazi hiyo ni ya serikali ya kitaifa na imejadiliwa sana. Tathmini za mpango wa Uwezo, tangu zilipoanza zaidi ya miaka kumi iliyopita, zimekuwa zikituambia kwamba watoto wengi wanafika darasa la tatu bila kuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Mradi wa Tusome, ulioanza 2015, ulileta kitabu kwa kila mtoto na wakufunzi wa kumtembelea mwalimu, na hali ikawa afadhali. Mimi nina neno moja tu la Kipwani hapo. Tangu Tume ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera imekuwa kwamba madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha ya eneo. Mtoto wa Kisauni lugha yake ni Kiswahili, na Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishika silabi anasoma. Ila tunakimbilia akademia za vichochoroni zinazomkaririsha mtoto wa miaka mitatu majina ya matunda ya Ulaya kwa Kiingereza. Mtoto wa bara anayesema Kigiriama, Kidigo, Kipokomo au Kitaita naye anafunzwa kwa lugha ambayo hata mwalimu wake anaitumia kwa kubabaika. Chekechea ni yetu. Lugha ya chekechea, basi, tunaweza kuisimamia wenyewe kesho asubuhi.

Nawaomba sasa mniwie radhi niingie katikati kidogo, kwa hadithi ambayo wazee wa mji huu wanaijua.

Ali Mazrui, mtoto wa Kadhi Mkuu, alifanya mtihani wa Cambridge mwishoni mwa miaka ya 1940 akapata daraja la tatu. Makerere ikamkataa. Akaajiriwa ukarani kwenye taasisi ya ufundi ya Waislamu ya Mombasa, ile iliyoitwa MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Angeweza kuzeekea kwenye meza ile. Lakini siku moja ya maulidi alisimama akahutubia, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo gavana wa kikoloni, Philip Mitchell. Hotuba ikamfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Akapita Manchester, akapita Columbia, akamalizia Oxford. Kisha akarudi Makerere, ile ile iliyomkataa, akawa profesa na mkuu wa idara.

Husimuliwa kama hadithi ya kipaji kisichozimika. Mimi hunitisha. Makarani wenye daraja la tatu walikuwa wangapi katika miaka ile, Malindi, Lamu, Wundanyi, ambao gavana hakuketi mbele yao? Mfumo ambao humwokoa mtoto kwa bahati ya maulidi umekwisha kumpoteza. Mtaala mpya ulikusudiwa uondoe mlango huo mmoja mwembamba wa mtihani. Mtihani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023, na kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilipangiwa kuingia sekondari pevu Januari 2026, kwa mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Wizara ilitaka asilimia 60 waende mkondo wa sayansi. Shule ya sekondari ya Garsen au Kinango isiyo na maabara itampeleka wapi huyo wa asilimia 60? Mtoto atachagua mkondo kwa kutazama shule ina nini, halafu tutaandika kwamba Wapwani hawapendi sayansi.

Wengine hawafiki hata kwenye kuchagua. Mnajua disko matanga: ngoma ya usiku kucha panapoombolezwa, wasichana wa miaka kumi na minne wakirudi alfajiri, na miezi tisa baadaye dawati moja liko wazi. Miongozo ya 2020 inasema msichana huyo arudi shule baada ya kujifungua. Arudi vipi, na mtoto amwachie nani? Hapa tena tunarejea kwenye kipengele cha tisa: malezi ya watoto wadogo ni kazi ya kaunti. Chumba cha kulelea watoto karibu na shule ya sekondari ni elimu ya chekechea na elimu ya sekondari kwa mpigo mmoja, na sijaona bajeti inayokitazama hivyo. Wavulana nao hupotea kimya kimya. Bodaboda inalipa leo jioni, na shule inaahidi kulipa baada ya miaka minane.

Nifike mwishoni mwa safari, kwenye kazi. Hapa nitakaa.

Pwani ni mahali pa ajira zinazokuja na kuondoka kama msimu wa kaskazi. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilitoa ajira kwa familia nyingi, kikafungwa. Sukari ya Ramisi ikafa miaka ya 1980. Reli ya SGR ilipoanza 2017 na makasha yakalazimishwa kupanda treni, madereva wa malori, mafundi wa Mariakani na kina mama wauza chakula wa Miritini walikosa riziki. Agizo la kurudisha shughuli za makasha Mombasa lilitolewa Septemba 2022, na baadhi ya biashara zilikuwa zimekwisha kuzikwa. Mgodi wa titani wa Kwale ulisafirisha shehena ya kwanza 2014, ukamaliza kuchimba mwishoni mwa 2024. Pigeni hesabu. Mtoto wa Msambweni aliyeingia chekechea mwaka meli ile ya kwanza ilipong'oa nanga alikuwa na miaka kumi na minne mgodi ulipofungwa. Mgodi mzima, kuanzia kelele hadi kimya, ulitoshea ndani ya utoto wake.

Kwa hiyo mtu akiwaambia tuwafunze vijana kwa ajili ya mradi fulani mkubwa, mwulizeni mradi una umri gani. Kijana afunzwe ufundi utakaouhama mradi pamoja naye: kuchomelea vyuma kwa kiwango kinachokubalika gatini na mgodini, umeme wa viwandani, majokofu na viyoyozi, mitambo ya boti, kuhudumia mashine nzito. Ufungwe mgodi, aende bandarini. Ijae bandari, aende eneo la viwanda la Dongo Kundu. Kijana wa namna hiyo haogopi tangazo la gazetini.

Vyuo vyetu vya vijijini vinafunza nini? Katika vingi utakuta ushonaji, useremala, saluni, na umakenika wa injini ambazo hazitengenezwi tena. Sina ugomvi na cherehani. Mama yangu alinisomesha kwayo. Ninachouliza ni nani aliyeamua idadi ya cherehani. Mara nyingi hakuna aliyeamua: mashine zilipatikana, zikawekwa, kozi ikaitwa kozi. Kaunti sita zikikaa pamoja, hakuna haja ya kila chuo kufunza kila kitu vibaya. Chuo kimoja Lamu kingebobea kwenye majahazi na boti za fibaglasi, maana mafundi wa Matondoni wako jirani. Kingine Taita kingeshika mawe na vito. Cha Kwale kingebeba mitambo, na kijana wa Hola aende Kwale kwa gharama ya kaunti yake, kama anavyokwenda kwa basari ya sekondari.

Na pesa zipo, sehemu yake. Kila mwajiri hutakiwa kulipa tozo ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Hoteli ya wafanyakazi 200 hulipa shilingi 120,000 kwa mwaka. Mwajiri anayefunza watu wake kwa utaratibu uliokubaliwa anaweza kudai marejesho. Hoteli kubwa zinalijua hilo; zina ofisa wa kujaza fomu. Nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili Watamu, au gereji ya Changamwe, hulipa na haidai kitu. Dawati moja la kaunti la kuwasaidia waajiri wadogo kudai fedha hizo kwa kupokea wanagenzi lingefanya kazi kuliko makongamano ya ajira kwa vijana, ambayo nimeyahudhuria kiasi cha kuchukia biskuti zake.

Mnakumbuka pia kwamba Chuo cha Utalii kilifunguliwa 1975 Nairobi, kwenye barabara ya Thika, wakati mchanga na watalii vilikuwa huku. Tukaahidiwa kingine Vipingo, kwa jina la Ronald Ngala. Ujenzi wake ukaenda kwa kusuasua miaka na miaka. Wakati huo kijana wa Mtwapa anapita kila siku langoni mwa hoteli zinazotafuta wapishi wenye cheti.

Cheti chenyewe ni habari nyingine. Fundi mmoja wa boti wa Matondoni ninayemjua amefunza vijana wasiohesabika. Akigonga ubao kwa kifundo cha kidole anakwambia umeoza wapi ndani. Mwanagenzi wake anaanza kwa kuchonga vigingi na kuchemsha sifa, yaani mafuta ya samaki, mwaka mzima, kabla hajaruhusiwa kushika tezo. Mwaka wa pili anaziba kalafati. Wa tatu anapimiwa mbavu za chombo. Ukitazama vizuri, huo ni mtaala wa umilisi, na ulikuwapo kabla ya tume zote. Lakini vijana wanaotoka mikononi mwake hawana karatasi, na kampuni ya boti za utalii inataka karatasi. Sheria ya mfumo wa sifa za kitaifa ipo tangu 2014, na sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa imetoka. Mtihani wa ufundi upo, gredi ya tatu hadi ya kwanza, na kituo kipo Mombasa. Kinachokosekana ni mtu wa kumlipia kijana wa Matondoni ada na nauli, au bora zaidi, kumpeleka mtahini Matondoni akamtahini kijana akiwa na tezo mkononi. Hiyo ni kazi ya kaunti kabisa.

Kuhusu bahari yenyewe nitasema moja. Ubaharia unatawaliwa na mkataba wa kimataifa wa 1978, na huwezi kuwa ofisa wa meli bila muda uliohesabiwa ukiwa baharini. Chuo cha Bahari cha Bandari kinaweza kufunza darasani kadiri kitakavyo. Kama hakuna meli za kuwapokea vijana, wanabaki na nusu cheti. Kabla ya kupanua madarasa ya ubaharia, viongozi wetu wakajadiliane na kampuni za meli nafasi za wanafunzi. Meli zinatia nanga hapa kila siku, kwa hiyo mazungumzo hayahitaji safari ya Ulaya, ingawa najua kuna watakaoipendekeza.

Nimekwisha kuyataja niliyotaka kuyataja, isipokuwa namna ya kuyadai, na hapo sharti niwe mkavu kama karani.

Mipango ya maendeleo ya kaunti ya sasa ni ya 2023 hadi 2027. Itakayofuata itaandikwa 2027, mwaka wa uchaguzi, watu wakiwa mikutanoni. Jumuiya ikitaka sura moja ya pamoja ya elimu katika mipango yote sita, rasimu yake iwe mezani kabla kampeni hazijapamba moto. Halafu kuna kalenda ya kila mwaka. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Katika kila hatua kuna mkutano wa wananchi kutoa maoni, ambao kwa kawaida hutangazwa kwa maandishi madogo na kuhudhuriwa na watu wale wale, nusu yao wakingoja nauli.

Nendeni. Kina mama wa zamu za uji waende kwa wingi kuliko wote. Msiulize kama elimu ni kipaumbele, maana mtajibiwa ndiyo. Ombeni ukurasa wa chekechea na ukurasa wa vyuo vya ufundi, ziuoneshe umma safu mbili: pesa zilizopangwa mwaka jana, na zilizotumika. Ulizeni walimu wangapi wa chekechea wana ajira ya kudumu, na waliosalia wataipata lini. Ulizeni unga uko kwenye safu gani. Na mkiambiwa mrudi mwaka ujao, chukueni jina la aliyewaambia, na tarehe.